Mama Kasi na Korido ya Hospitali

Mimi mdogo wake nimepewa kazi ya kueleza maisha ya dada. Mtanivumilia nikibabaika, kwa maana yako mambo ambayo hadi asubuhi hii sijayaelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, wa kwanza kati ya watoto sita wa seremala na mkewe mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alimshtaki kwa baba kwamba hatulii kitini, na baba akajibu, "Hata nyumbani hatulii, mwalimu. Vumilia."

Mwaka 1972 aliajiriwa tarishi katika ofisi za bima, jengo la ghorofa nne lisilo na lifti. Alipandisha na kushusha mafaili hadi alipostaafu mwaka 2011, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Kasi. Mwaka 1976 aliolewa na fundi redio, shemeji yetu tuliye naye hapa, mtu asiyependa kabisa kuinuka kitini. Walikutana vipi, hatujui. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Mtaa wao mnaujua: njia ya miguu hakuna, mitaro mingi iko wazi, pikipiki zinapita hadi barazani. Miaka mitatu iliyopita dada alianza kwenda hospitali kila asubuhi ya siku ya kazi, raba miguuni, mkoba begani. Tukimwuliza anaumwa nini, anacheka: "Siumwi kitu." Wanaoumwa sana si ndio wanaosema hivyo? Tukaingiwa na hofu. Wanawe walitaka kujua, maana magonjwa mengine hurithiwa. Shemeji akakosa usingizi.

Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025 alikuwa akielekea dukani. Pikipiki ikamjia, akaipisha, akakanyaga mfuniko mbovu wa mtaro. Nyonga ikavunjika. Kule hospitalini wauguzi, walinzi, wafagizi, wote wakamwita Mama Kasi. Tukasema basi, kumbe ni mgonjwa wao wa siku nyingi. Nikamshika daktari mkono.

"Tuambie ukweli tu. Dada yangu ana nini?"

"Nyonga."

"Na kabla ya nyonga?"

Akapekua faili, akanitazama. "Kabla ya nyonga, mzee wangu, hakuna kitu."

Alifariki tarehe 13 Machi. Damu iliganda ikaenda kuziba mapafu.

Juzi waliingia msibani wazee wanne wenye raba, wageni kwetu. Mmoja wao, mpishi mstaafu, alitueleza: "Tulikuwa tunatembea naye kwenye ile korido ndefu, kutoka eksirei hadi wodi ya wazazi. Sakafu sawa, mabenchi yapo, choo kipo. Mitaani kwetu tungetembea wapi?"

"Mbona alituficha?"

"Alisema mtamcheka. Mzima wa afya anafuata nini hospitali?"

Shemeji akatutazama mmoja mmoja. "Miaka mitatu namwombea apone. Apone nini?"

Mimi nililia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, sisi wadogo zake watano, na wenzake wanne wa korido, ambao sikujua niwaweke kundi gani, nikawaweka kwa ndugu. Shemeji ameshawauliza kesho wanaanza saa ngapi.

Dada, pumzika kwa amani. Nanyi mnaorudi nyumbani kwake, pale mbele ya duka tazameni mnapokanyaga. Mfuniko bado ni ule ule.