Wasifu wa Fundi Mkia, Mtu wa Meli Isiyosimama

Dum. Kisha kimya cha pumzi chache, kisha dum tena. Ndivyo mke wake alivyomsikia kila alipopiga simu kutoka baharini: mbele sauti ya mume, na nyuma yake mlio huo mzito, kama mtu anayegonga mlango wa chuma kutoka chini ya maji. Aliuzoea kiasi kwamba siku mizinga ya hewa ya meli ilipopumzishwa alimuuliza, "Baba watoto, mbona kimya? Uko salama kweli?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alichelewa kulia. Alikodoa macho kwanza, kama anayekagua kazi ya watu. Alisoma shule ya msingi mtaa wa pili, akaendelea na sekondari ya ufundi aliyoimaliza mwaka 1984. Darasani hakuvuma. Lakini redio ikiharibika kwa jirani aliitwa yeye, na mara nyingi ilirudi ikiongea, ingawa haikurudi na skrubu zake zote.

Baada ya miaka kadhaa ya kutengeneza simu za mezani, mwaka 1993 aliajiriwa na kampuni ya kupima miamba iliyo chini ya bahari, kutafuta mafuta na gesi. Wengi wetu hatukuielewa kazi hiyo, naye hakuchoka kutueleza. Meli inakokota mizinga ya hewa. Mizinga inafyatua hewa iliyobanwa, mlio unashuka majini, unapenya ardhini, unagonga tabaka moja la mwamba baada ya jingine na kurudi juu. Nyuma ya meli zinaelea nyaya zenye urefu wa kilomita nyingi, zimejaa vinasa sauti vya kuupokea mwangwi huo, na kwa mwangwi huo wataalamu wanachora kilichoko chini ambacho jicho halikioni. Meli inakwenda mstari ulionyooka, inageuka, inarudi sambamba na pale ilipopita, kama mtu anayefyeka nyasi za uwanja mzima.

Yeye alikuwa fundi wa nyaya. Alishuka kwa boti ndogo kukwangua magamba ya viumbe wa baharini yaliyozigandia, kubadilisha vipande vilivyokufa, na kukagua boya la mwisho kabisa, lile la mkia. Wenzake wakambandika jina la Fundi Mkia, na jina likamfuata hadi nchi kavu. Alipokwenda kuposa, mama mkwe alimsikia rafiki yake akimwita hivyo.

"Mkia wa nini, mwanangu?"

"Wa meli, mama."

"Afadhali. Maana kichwa cha nyumba hiyo nimeshakizaa mimi."

Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1995, na hakuna anayekumbuka mama mkwe akikanushwa. Walijaliwa mtoto wa kiume, kisha wa kike.

Sasa kuna jambo ambalo mjane ameomba lisomwe kama lilivyokuwa.

Meli ile haisimami. Nyaya zinanyooka kwa sababu tu zinavutwa. Meli ikisimama, zinazama na kusokotana, na hata kugeuka tu kunakula saa nyingi. Mwezi Machi 2004 binti yao, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Mama yake alipiga simu akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, kidole kikiwa kwenye sikio la pili ili asikie. Marehemu alikwenda moja kwa moja kwa nahodha.

Nahodha alikuwa mtu mwema, na hilo halikusaidia kitu. "Ndugu yangu, nikisimama nitazizamisha zote, na bado wewe utakuwa hapa hapa," alimwambia. "Tuanze kuzikunja, zikiisha tuelekee bandarini. Bahari ikitulia kabla ya hapo, boti ya kusindikiza itakuchukua."

Bahari haikutulia. Marehemu alisimama kwenye roda la kukunjia waya, mikono mitupu, akilitazama likizunguka. Roda lile lina mwendo wake, halihimizwi. Alipopiga simu nyumbani alisema, "Tunakunja. Nakuja." Mke wake alijibu, "Najua." Binti alifariki waya wa mwisho ukiwa bado majini. Baba yake alifika makaburini watu wakiwa wameshatawanyika, udongo ukiwa bado mbichi.

Tangu siku hiyo hakuuliza mtoto alivyokwenda. Mke wake alingoja aulizwe, naye alingoja aambiwe, na hivyo ndivyo walivyoishi, kwa upendo, wakipita pembeni mwa jambo lile kama watu wanaopishana na samani kubwa sebuleni. Aliendelea na kazi mpaka alipostaafu mwaka 2019. Mke hakumwambia aache. Hakumwambia pia aendelee.

Oktoba 2022 tumbo lilianza kumsumbua. Katika chumba cha picha, mtaalamu alimpaka mafuta ya baridi na kupitisha kifaa tumboni, naye akageuza shingo kutazama skrini.

"Hapo umetuliza mkono, binti yangu. Kuna nini?"

"Daktari atakueleza, baba."

Nje, kwenye benchi, alimwambia mke wake, "Wanatafuta kama tulivyokuwa tukitafuta sisi. Mlio unaingia, mwangwi unarudi. Ila sisi tukikuta kitu tulikuwa tunapeana mikono." Mke wake alianza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari alisema watamtuliza maumivu. Mwanawe akauliza, "Na zaidi ya hapo?"

"Zaidi ya hapo, mkae naye."

Kukaa ndiko kulikowashinda. Mwana, ambaye ni fundi wa friji, alisogeza kitanda dirishani, akakirudisha, kisha akafungua na kutengeneza feni ambayo haikuwa mbovu. Mke alipika uji usiomezeka, akaumwaga, akabandika mwingine. Hakuna aliyekuwa na la kufanya, na wote walikuwa na shughuli.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Machi 2023, asubuhi. Ameacha mjane, mwana mmoja, mkwe, wajukuu wawili, dada wawili, na mdogo wake anayeusoma wasifu huu. Wamemtangulia wazazi wake, na binti yake ambaye leo baba analazwa kando ya kaburi lake. Mwenyezi Mungu ampe utulivu ambao bahari ilimnyima.

Asubuhi ile ya mwisho mke wake alikuwa ameketi hatimaye, ameushika mkono wake. Marehemu akaitazama mikono yao.

"Na yeye ulimshika hivi?"

Mke wake hakuhitaji kuuliza ni nani. "Hivihivi. Mpaka mwisho."

"Alinitafuta?"

"Alikutafuta."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko njiani."

Akafumba macho. Kilichofuata alikisema chini mno, hata mke wake akalazimika kuinama.

"Nilikuwa njiani."