Bei ya Pijo ya Mama Advera

Liko fumbo moja ambalo anayesimulia habari hii hakuwahi kulifumbua: gari linakaa miaka miwili kwenye banda la bati kule Goweko bila mtu kulitupia jicho, kisha siku mtu mmoja akilitamani, mji mzima unaijua bei yake. Aliyelitamani ni Uwesu, seremala wa Isevya, Tabora, mchongaji wa milango na vitanda vya mninga. Gari lenyewe ni Pijo 504 pikapu, ya zamani, gea yake kwenye usukani, mali ya mama Advera, mjane. Mama Advera hakutaja bei. Alimwambia Uwesu, "Taja wewe. Ukitaja ndogo umemdharau marehemu. Ukitaja kubwa nitajua hulijui gari, na asiyelijua simpi." Jumamosi angekuja mnunuzi mwingine kutoka Nzega, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Vitanda vya Uwesu vilisafiri kwa mkokoteni na kufika vimekwaruzika. Wateja walikuwa wameanza kumkimbia. Basi akafanya kosa la kila mtu mwenye benchi mbele ya karakana yake. Aliuliza.

— Gari ni chuma, alijibu Shomari, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye pale kijiweni huitwa Mizani. Unalipima kwa kilo. Tani moja na robo, toa matairi, toa vioo, toa kutu.

— Kutu nayo inatolewa?

— Kutu si chuma tena, fundi. Ni chuma kilichostaafu.

— Kama mimi, alisema mzee Xavery. Huyu alifanya kazi reli miaka thelathini, ya mwisho akiwa Igalula, na jina lake la benchi ni Stesheni. Akaongeza: Mimi kwa kilo unanichukua shilingi ngapi?

— Wewe mzee ni mifupa. Mifupa siku hizi haina soko.

Stesheni hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akanyoosha miguu kama mtu anayejua treni bado iko mbali.

— Sikilizeni. Njia ya kwenda Bagamoyo babu zetu waliipita kwa miguu, kila mtu na frasila mbili, kama kilo thelathini na tano, begani. Pikapu inabeba tani moja. Hao ni wapagazi thelathini. Piga mshahara wa watu thelathini kwa miezi mitatu, hiyo ndiyo bei ya haki.

— Mimi siendi Bagamoyo, mzee. Naenda Kipalapala na vitanda.

— Basi wapagazi wako watafika mapema. Punguza kidogo.

— Na chakula chao? aliuliza Mizani.

— Gari halili ugali, Shomari.

— Ndiyo nasema. Ugali wa watu thelathini, miezi mitatu, fundi haulipi. Nani kamwepushia gharama hiyo? Mama Advera. Lazima arudishiwe.

Uwesu alitafuta mahali pa kuupinga mkondo huo wa mawazo akapakosa. Mpaka hapo gari lilikuwa limefika milioni kumi na tisa. Yeye alikuwa na nne; nyingine zote zilikuwa zimelala kwenye mbao. Alimeza kahawa ya moto bila kuisikia.

— Mmesahau kwaya, alisema Stesheni.

— Kwaya gani tena?

— Gari lile limebeba kwaya ya Goweko kwenda vigangoni miaka ishirini. Nyimbo zimeingia mpaka kwenye bati. Hizo atazitoa bure?

— Mzee, mimi Mwislamu. Nyimbo za kwaya nizifanyie nini?

— Ukipita msikitini Gongoni usiingize gea ya nne. Ya nne ndiyo besi.

Yahaya, muuza kahawa, alikuwa akisuuza vikombe muda wote huo.

— Mlipokaa lilikuwa milioni mbili, alisema. Mmekunywa vikombe kumi na vinne, limefika ishirini na moja. Malizieni birika tuone kama litakuwa treni.

Ndipo alipofika Pelagia, mwalimu, mkoba begani.

— Shikamoo mzee Xavery.

— Marahaba mwalimu.

— Fundi, kitanda changu hii ni wiki ya tatu.

— Kinasubiri gari, mwalimu. Sitaki kikufikie na makovu.

— Gari gani?

Walimweleza wote kwa pamoja: kilo, wapagazi, ugali, besi. Pelagia alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza wanafunzi waliochelewa.

— Linawaka? aliuliza.

Yahaya aliacha kusuuza. Mizani alimtazama Stesheni, Stesheni akamtazama Uwesu.

— Fundi, hukuliwasha? aliuliza tena Pelagia.

— Sikuweza.

— Hukupewa ufunguo?

— Nilipewa. Kwenye kiti cha dereva kuna kuku anaatamia.

— Si ungemsogeza?

— Mama Advera amekataza. Ana mayai kumi na moja. Ataangua Jumatatu.

— Mama kaona sawa, alisema Stesheni. Igalula tulikuwa na mmoja kwenye chumba cha tiketi. Mwezi mzima tulikatia tiketi nje.

Yahaya aliinamisha birika. Hakikutoka kitu. Kwa hiyo ikaamuliwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kunywa ili waamue vingine: Uwesu asitaje bei ya injini ambayo hajaisikia, hata kama mtu wa Nzega atamtangulia, mpaka kuku ashuke.

Mtu wa Nzega alikuja Jumamosi, akataja milioni sita, akamtia kuku kwenye tenga ili ajaribu injini. Mama Advera alimrudisha kuku kwenye kiti, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani kwa adabu zote.

Aliyetekeleza uamuzi wa kijiwe ni kuku mwenyewe. Jumatatu saa nne asubuhi alishuka na vifaranga tisa, akaacha mayai mawili viza. Uwesu aliyatoa, akapangusa kiti, akazungusha ufunguo. Mara ya tatu likawaka.

— Sasa taja, alisema mama Advera.

— Milioni nne, mama.

— Umeipataje?

— Ndizo nilizonazo.



— Alhamisi hukuwa nazo?

— Nilikuwa nazo.

— Ungesema, mwanangu. Mtama wote ule nimemlisha kuku nikikungoja wewe.

Kitanda cha mwalimu Pelagia kilifika kwa Pijo alasiri ile ile, hakina mkwaruzo hata mmoja. Kina unyoya tu, umeganda kwenye vanishi upande wa kichwani.