Historia ya Marehemu Borghild Aarskog, Aliyesifiwa kwa Kukonda

Ndugu waombolezaji, majirani wa Ørsta, na wewe Oddvar uliyeketi kiti cha mbele, marehemu Borghild Aarskog alizaliwa hapa tarehe 3 Machi 1942, mtoto wa kwanza wa seremala Peder na mkewe Inga, akafuatiwa na Gudlaug, ambaye ndiye anayewasomea historia hii kwa kuwa marehemu aliagiza hivyo, si kwa kuwa mwanawe amependa.

Alimaliza shule mwaka 1956, akajifunza ushonaji mjini Ålesund, na kuanzia Agosti 1960 hadi alipostaafu mwaka 2004 alishona vitambaa vya makochi kiwandani, kwa mikono myepesi na mdomo mkali. Tarehe 22 Juni 1963 alifunga ndoa na Leiv Aarskog, aliyefariki mwaka 2011, wakajaliwa mtoto mmoja, Oddvar, mwenyekiti wa chama cha wapanda milima, ambaye wote mnamjua, maana hajawahi kumnyima mtu nafasi ya kumjua.

Mwezi Mei 2021 marehemu alianza kukonda ilhali anakula vizuri, mikono ikamtetemeka, joto likamsumbua hata dirisha likiwa wazi, akawa halali wala hatulii, na katika wilaya hii mzee asiyetulia husifiwa. Oddvar akampiga picha kileleni, gazeti likaitoa, nanyi mlioketi humu mkampongeza kwamba ujana umemrudia. Gudlaug, ambaye tezi ya shingo ilishamlaza hospitalini, alisema huo ni ugonjwa, akajibiwa na Oddvar mezani, watu wakila keki.

“Mama mdogo, acha wivu. Wewe hata ngazi za kwako zinakushinda.”

Wakacheka, na marehemu naye akacheka.

Septemba moyo wake ulikutwa ukidunda ovyo, daktari akampa dawa, akaagiza apimwe damu ili tezi hiyo ichunguzwe, kwa kuwa kwa wazee huweza kuuvuruga moyo bila shingo kuvimba. Kipimo kilipangwa Ijumaa, tarehe 8 Oktoba, lakini siku hiyo ilikuwa ya matembezi ya wastaafu, marehemu alishatangazwa kuwaongoza, basi Oddvar akakiahirisha. Alianguka njiani kwa kiharusi, bonge la damu kutoka moyoni likiwa limepanda kichwani, na hospitalini tezi ikakutwa inafanya kazi kupita kiasi, ugonjwa ambao una vidonge vyake.

Kabla ya kufariki tarehe 14 Oktoba 2021, alimshika Gudlaug mkono, akasema kwa upande mmoja wa mdomo, “Usome wewe. Usinipambe, na huyo mwanangu usimfichie.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chakula, na washonaji wenzake waliokesha naye. Oddvar aliomba uwekwe mstari wa kumshukuru kwa kumtunza mama yake, na mstari huo haupo.

Borghild, dada, sasa keti, hakuna anayekuhimiza tena. Wewe pumzika kwa amani, sisi tuliobaki hatuna.