Mzee Akidi Atoka Kikaoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Katibu wa Baraza la Ushauri wa Mafunzo ya Ufundi, ambaye sote tunamwita Mzee Akidi, anastaafu tarehe 30 Juni. Safari hii ni kweli.

Alianza akiwa fundi wa kuchomelea vyuma, akateuliwa kuwa mjumbe wa upande wa mafundi, kisha akabebeshwa na ukatibu bila kupunguziwa ujumbe. Kazi ya Baraza ni kuishauri serikali namna ya kuwafundisha vijana kazi. Kazi ya serikali ni kutushukuru. Hata hivyo, kwa jinsi Mzee alivyong'ang'ania mpaka wakubwa wakachoka, leo fundi aliyejifunzia gereji anafanyiwa mtihani na kupewa cheti kama wenzake wa chuoni.

Jina alilipata kwa ajili ya wajumbe watoro. Kikao kilipokosa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kiwe halali, Mzee hakuahirisha. Alichukua ufunguo wa gari la ofisi akaenda kuwaleta. Mjumbe mmoja alitolewa saluni akiwa amesukwa nusu kichwa, na alichangia vizuri tu. Mwingine alifuatwa hadi ukweni.

Miaka yote hiyo tulizishauri ofisi za umma ziandae warithi wa wanaokaribia kustaafu. Sisi wenyewe hatukumwandaa yeyote. Ndiyo maana Mzee aliongezewa muda mara mbili, huku mkewe, muuguzi mstaafu, akiwa ameshahamia nyumba yao mpya na anakula peke yake. Mama alitupigia simu, kwa upole, kuuliza kama kumwona mumewe nako kunahitaji kikao.

Mwezi uliopita Mwenyekiti alileta hoja ya kumwongezea muda mara ya tatu. Wajumbe tulitosha, bila hata mmoja wa ziada. Mzee aliisoma hoja kwa sauti, akaiandika kwenye kumbukumbu, akafunika kalamu, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Hakurudi. Akidi ikavunjika, kura ikashindikana. Mwenyekiti aliuliza nani anapajua kwa Mzee. Sote tunapajua. Mmoja wetu akaanza kukusanya vikombe.

Mzee wetu, asante. Tutakukosa sana, na vikao vyetu vitakukosa zaidi. Nenda ukale na Mama chakula kingali cha moto. Ukisikia tunabisha hodi, usitufungulie.