Mwalimu Aliyewachungulia Watenda Mema

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni hakuamini mtu upesi. Ukimpa peremende, kwanza alikuuliza unataka nini.

Alisoma sekondari ya bweni ya wasichana, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1975, na mwaka 1979 akafunga ndoa na karani wa posta, mtu mpole aliyezoea kuhojiwa.

Alifundisha sekondari hadi alipostaafu mwaka 2013. Jumamosi aliwapeleka wanafunzi kufua mashuka ya wodi ya wazee, huduma kwa jamii ambayo bila yeye kuitilia saini hawakuweza kumaliza shule. Saini hiyo ilimnyima raha. "Wanafua kwa sababu nipo," alimwambia mumewe. "Nikigeuza kisogo, basi." Kwa hiyo aliaga mapema, akazunguka nyuma, akachungulia dirishani. Aliyeonekana akizembea alirudishwa kufua Jumamosi iliyofuata. Aliyetabasamu sana akishukuriwa naye alitiliwa shaka. Siku moja muuguzi alimkamata akidhani ni mwizi wa mashuka. Alikataa kujieleza, wanafunzi wasije wakajua anawachungulia, akakaa kibandani kwa mlinzi mpaka mumewe alipokuja kumtoa.

Mwaka 2021 alipooza upande mmoja. Fundi bomba mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wake mtundu kupindukia, akaanza kuja kumfulia. Mabinti zake wakafunga makabati. Marehemu naye akambana.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nyumba hii haiuzwi."

"Sawa. Nguo chafu ziko wapi?"

"Nataka nijue kabla sijafa," alimwambia bintiye mkubwa, "niliwajenga wale watoto, au niliwatia woga tu." Akawa anajifanya amelala, jicho moja wazi, akingoja kumfuma. Fundi alifua, akaanika, akaondoka kimyakimya. Hata kikombe cha chai hakuomba, jambo lililozidi kumtia wasiwasi.

Mwaka huu alilifumba jicho lile. Fundi akifua, yeye alikoroma kweli. Alifariki hivyo, usingizini, tarehe 2 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu wanne. Ameacha pia mwana mmoja, fundi bomba. Wengi mmeulizana asubuhi hii ni nani yule aliyeko uani anasugua masufuria, na anatafuta nini. Ndiye huyo fundi; marehemu aliagiza atajwe hapa kama mwanawe, pamoja na mabinti zake.

Lala salama, Mwalimu.