Nikodemo na Mkutano wa Jumanne

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya ndugu yetu Nikodemo Shemhilu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Gare, akasoma hapohapo hadi darasa la saba, na mwaka 1990 akaajiriwa na chama cha wakulima wa mboga hapa Lushoto, alikopanda vyeo hadi kuwa mkuu wa banda la kufungasha.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Jenoveva, wakajaliwa watoto wawili, Glory na Alen.

Mwaka 2019 chama kilibadili utendaji, mipango ya msimu mzima ikaachwa, kila kikundi kikawa kinapanga kazi ya wiki mbili, kinaijaribu na kuirekebisha, na Nikodemo ndiye aliyepelekwa Morogoro kusomea utaratibu huo ili awafundishe wenzake. Wakufunzi waliokuja kutusaidia mwanzoni walipoondoka, watu walianza kurudia mazoea ya zamani, ndipo Hassani, mkuu wa madereva, mdogo kwake kwa umri, akaanza kuwakusanya viongozi wa vikundi kila Jumanne, kila mmoja aseme alipokwama na wenzake wamsaidie.

Nyote mnajua kuwa marehemu alikuwa na wivu, na familia haioni sababu ya kuuficha. Alimwambia mkewe, "Niliyesomeshwa ni mimi, huyo kafundishwa na nani?" Akaitisha mkutano wake saa ileile, wakaja wawili, huku vicheko vya upande wa pili vikimchoma moyo, akawakataza watu wa banda lake kwenda kwa Hassani.

Masika ya 2021 barabara ya kushuka Mombo ilikatika, vikundi vya Jumanne vikakubaliana asubuhi ileile kupunguza mavuno na kugawana magari yaliyobaki ng'ambo ya pale ilipokatika, lakini banda la Nikodemo halikuwa na habari, kabichi za majirani zake wa Gare zikaozea mlangoni. Jumanne iliyofuata alikwenda, akasimama kizingitini, Hassani akainuka, "Shikamoo mzee, karibu ukae," naye akajibu, "Marahaba. Nimekwama." Tangu hapo hakukosa, na mkutano ule upo hadi leo, ingawa wageni kutoka Tanga walipokuja kujifunza wakampiga picha Hassani peke yake, marehemu alirudi nyumbani bila kula chakula cha mchana.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024, wenzake wa Jumanne wakapokezana kumuuguza hospitalini. Siku moja marehemu akamuuliza Hassani kama Shamsa, aliyeshika banda baada yake, anaiweza kazi, akajibiwa, "Anaiweza kuliko wewe, mzee." Naye akasema, "Hilo ungengoja nife kwanza," wakacheka wote wawili, akamshika Hassani mkono, asiuachie hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Alifariki tarehe 3 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gare, uongozi wa chama, na ninyi wa Jumanne mliobeba jeneza.

Pumzika sasa, Nikodemo, moyo wako uwe na amani.