Marahaba ya Jioni: Kumuaga Bi. Odeta Ng'washi

Leo, tarehe 30 Juni 1998, Bi. Odeta Ng'washi, mchora nakshi wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kiwanda cha Vitenge vya Ziwa, hapa Kirumba. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Gladness Mhoja wa stoo, heshima ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, mimi ndiye ninayemfahamu zaidi. Maana yake ni kwamba nimefanya kazi jirani na meza yake muda mrefu na hajawahi kunifukuza.

Alipoajiriwa mwaka 1967 kazi yake ilikuwa kukunja vitambaa. Alivikunja vizuri, ila vingine vilifika dukani vikiwa na michoro pembeni ambayo hakuna aliyeiagiza. Msimamizi wa wakati huo akaandaa onyo. Kabla hajalitoa, mteja mmoja akaagiza kitambaa kizima chenye mchoro ule wa pembeni, na onyo likageuka kuwa cheo.

Nakshi yake ya kwanza aliitoa soko la samaki la Mwaloni, kwa kutazama dagaa walioanikwa. Akina mama wakaiita Dagaa Juani, wakaivaa kanisani, msibani na harusini. Huko huko ndiko walikokuwa wakimsengenya kwamba Odeta ni mtu wa ajabu, hamtazami mtu usoni, hachangamki. Walimsema huku wamemvaa. Yeye hakuwa na habari, maana harusini haendi.

Lawama kubwa ilikuwa ya salamu. Katika mji huu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini si kumpita mkubwa wake kimya. Mzee Ngosha, mlinzi wa geti, alipitwa kimya asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akapeleka malalamiko ofisini na Bi. Odeta akaitwa mbele ya kikao cha nidhamu. Hakujitetea. Ni Mzee Ngosha mwenyewe aliyekuja kugundua, siku alipotega sikio wakati wa kufunga, kwamba huyu mtu akitoka jioni hunong'ona, “Shikamoo.” Salamu ya asubuhi ilikuwa inafika, ila ilikaa njiani siku nzima. Miaka ikaenda, vijana wakaanza kumwamkia yeye, na utaratibu haukubadilika: ukimpa shikamoo asubuhi, unapokea marahaba yako jioni, na sijasikia mtu aliyekosa ya kwake. Wapo wakubwa hapa wanaojibu papo hapo bila hata kujua wamemjibu nani.

Mwaka 1994 kiwanda kiliuzwa, na soko huria likatufikia likiwa na nyundo. Bwana Nurdin, meneja mpya, alibomoa kuta zote za ofisi ili tuonane na kushirikiana. Akaweka redio ya kututia moyo, na king'ora kipya cha kuanza, kula na kumaliza kazi. Tulionana sana. Bi. Odeta alikaa humo asubuhi moja, mikono masikioni, kisha akachukua brashi zake akarudi nyumbani kwake Mabatini.

Uongozi ukampa hadi mwisho wa mwezi: arudi, au ahesabiwe kuwa ameacha kazi. Wengine wakasema ana majivuno, wengine wakasema karogwa, na vikao vikaendelea. Teodora wa idara ya rangi, ambaye hana subira na vikao, alimfuata Mabatini kumuuliza tatizo ni nini. Alirudi na jibu moja: “Kelele zinaingia mpaka kwenye rangi.”

Hapo ndipo mitumba ilipotusaidia. Mji mzima ulikuwa umehamia kwenye mitumba, na sisi tulibaki na marobota ya vitenge yaliyojaa stoo hadi mlangoni. Tukayapanga kuzunguka meza yake, moja juu ya jingine hadi karibu na dari, tukaacha upenyo wa kuingilia. Hakuna ukuta unaomeza sauti kama vitenge visivyo na mnunuzi. Bi. Odeta alirudi mwezi ukiwa unaishia, akazunguka nje ya marobota akiyapapasa, akaingia, akachora. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kwa furaha, na sioni sababu ya kuficha. Bwana Nurdin aliagiza marobota yaondolewe mara tu yatakapopata mteja. Kwa jinsi biashara ilivyokuwa, chumba hicho kikawa jengo la kudumu.

King'ora nacho aliombwa akizoee. Badala yake alichora bendera: ya samaki kwa chakula cha mchana, ya jua jekundu kwa kwenda nyumbani. Teodora alizipandisha mlingotini siku king'ora kilipoharibika, na kwa namna fulani fundi wa kukitengeneza hakuwahi kuitwa. Siku hiyo Shaibu, mwenzetu wa boila ambaye ni kiziwi, alikwenda kula bila kusubiri mtu amguse bega, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alisimama chini ya mlingoti akacheka hadi machozi yakamtoka. Taarifa ya mwaka ya kampuni ilieleza kwamba bendera hizo ni matunda ya uongozi wa kisasa.

Mwaka 1996 daktari mmoja mgeni, aliyekuja kununua kitenge, alimtazama akifanya kazi. Akatueleza kwa upole kwamba wapo watu wanaozaliwa hivyo, na kwamba hali hiyo inaitwa otizimu. Si ugonjwa wala laana, alisema, ni namna yao ya kuusikia na kuuona ulimwengu. Tulifurahi sana kupata jina. Mjumbe mmoja wa vikao vyetu aliuliza kama inaambukizwa kwa nguo, maana mke wake ana kabati zima la Dagaa Juani. Bi. Odeta alipoelezwa, aliuliza kama jina hilo linabadilisha saa za kazi. Akaambiwa hapana, akarudi ndani ya marobota.

Baada ya yote hayo ungetegemea kwamba tumejifunza. Kamati ikapanga kumuaga kwa matarumbeta, mshereheshaji na vipaza sauti vyake, na foleni ya wafanyakazi wote kumshika mkono na kumkumbatia. Alipopewa ratiba alisema, “Hiyo sherehe ni yenu. Mimi nitakuwa kazini.” Kikao cha dharura kikaitishwa. Wapo waliopendekeza sherehe iendelee bila yeye, kwa kuwa ng'ombe ameshanunuliwa. Iliniuma kuwaza kwamba atatoka getini peke yake, sisi tukiwa ndani tunamsifu. Shaibu ndiye aliyegonga meza, akanyoosha kidole kuelekea marobota, akimaanisha: kamuulizeni mwenyewe. Katika vikao vyetu vyote hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Tulimuuliza asubuhi, na kama kawaida jibu likaja jioni. Lilikuwa kitambaa alichokichora: watu wamesimama kila mmoja mahali pake pa kazi, mikono nyuma, midomo imefungwa, na katikati njia nyeupe inayokwenda hadi getini. Hiyo ndiyo ratiba ya leo. Saa kumi jioni bendera ya jua jekundu itapanda, naye atapita. Wapiga matarumbeta watakula nyama kimya kama wageni wengine. Atakayeshindwa kujizuia apunge mikono juu, kama Shaibu anavyopongeza. Bwana Nurdin amekubali kufupisha hotuba yake hadi isiwepo.

Shikamoo zetu tulianza kuzitoa tangu wiki iliyopita, ili asibanwe na muda. Jana Mzee Ngosha, ambaye amestaafu zamani na anamzidi umri kwa mbali, alikuja akasimama pale getini akamwamkia yeye. Watu wakaguna. Mzee akasema, “Kwa huyu, leo acha nianze mimi.”

Asante, Bi. Odeta, kwa kutuvisha, hata tulipokusema. Upumzike vyema Mabatini, mbali na ving'ora na vikao. Marobota yako hatutayauza, hata akitokea mteja.

Shikamoo, mama. Jioni tutakuwa mahali petu, mikono nyuma, tukisikiliza.